Baridi ya Njombe haipozi seva

Swali: Shikamoo, mhandisi. Mimi ni meneja wa SACCOS ya wakulima wa parachichi mkoani Njombe. Bodi yetu imeletewa pendekezo la kununua makabati mawili ya seva (kompyuta za kuhifadhi na kuchakata data), kuyaweka kwenye stoo ya ofisi na kuvipangishia vyama vingine nafasi, kwa kuwa biashara ya vituo vya data inakua nchini. Mleta pendekezo anasema baridi ya huku inatosha, hivyo tufunge feni mbili dirishani na hatutahitaji kiyoyozi. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba, Meneja. Si kweli, na kwa kuwa maneno hayo hayo nimeyasikia Mbeya, Mafinga na Makambako, nitajibu kwa urefu kuliko ulivyouliza.

Joto linaloua seva linazaliwa ndani ya seva yenyewe. Karibu umeme wote unaoingia kwenye mashine hizo huishia kuwa joto, kwa hiyo makabati yanayotumia kilowati tatu ni sawa na pasi tatu zilizoachwa zikiwaka ndani ya stoo yenu usiku na mchana, mwaka mzima. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upoozaji, unapendekeza hewa inayoingia mbele ya seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Feni zikisimama, chumba kidogo huvuka kiwango hicho kwa dakika chache hata kama nje watu wamevaa makoti.

Jambo ambalo wauzaji hawa hawalitaji kamwe ni mwinuko. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Hewa ya huku ni baridi, lakini pia ni nyepesi: kwa mwinuko wa Mbeya uzito wake umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na hewa ya pwani yenye joto lile lile, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Ili kuondoa joto lile lile, feni zenu zitalazimika kusukuma hewa nyingi zaidi, karibu robo ya ziada. Jenereta nayo huathirika, kwa sababu injini ya dizeli isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza nguvu kadiri inavyopanda milima, na namba iliyoandikwa kwenye kibati chake si nguvu mtakayoipata Njombe.

Halafu kuna dirisha lenyewe. Kiangazi huleta vumbi la barabara na masizi ya mashamba yanayochomwa. Juni na Julai huleta ukungu. Umeme ukikatika usiku, vyuma vya seva hupoa, na asubuhi hewa yenye unyevu ikivigusa hutoa matone juu ya saketi. Nimewahi kufungua seva iliyokaa chini ya dirisha la namna hiyo kwa misimu miwili, nikakuta tabaka la vumbi lililoshikana kama udongo wa kufinyangia, na kutu kwenye miguu ya vifaa. Mwenye mali aliambiwa ameokoa gharama ya kiyoyozi.

Sisemi kwamba baridi haina faida. Vituo vikubwa katika nchi za baridi hutumia hewa ya nje, lakini huipitisha kwenye vichujio na milango inayojifunga yenyewe, chini ya vipimo vya unyevu vinavyosomwa saa zote, huku mitambo ya kupoza ikisubiri kando. Huko baridi hupunguza bili ya umeme, na mitambo inabaki kuwa ya lazima.

Natamani halmashauri na wawekezaji wetu wote wa Nyanda za Juu Kusini walisikie hili, maana sasa kila penye ukungu panatajwa kuwa makao ya vituo vya data. Kama baridi ndiyo ingeamua, Kituo cha Taifa cha Data kinachoendeshwa na TTCL kisingejengwa Dar es Salaam, wala Singapore, iliyo karibu na ikweta, isingekuwa miongoni mwa masoko makubwa ya vituo hivyo barani Asia. Kinachoamua ni umeme usioyumba, nyaya za mawasiliano zinazopita njia tofauti, wateja walio karibu, na mafundi wanaofika saa nane za usiku. Mbeya ina hoja nzuri kuliko baridi: mkongo wa taifa wa mawasiliano unapita huko kuelekea Zambia kupitia Tunduma na Malawi kupitia Kasumulu. Ajabu ni kwamba madalali hawaitumii.

Mkipokea data za vyama vingine mtakuwa mnachakata taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawataka mjisajili kwenye Tume inayoisimamia. Nakala za akiba nazo zisikae stoo hiyo hiyo. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni ya OVHcloud liliungua Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza data kabisa kwa sababu hawakuwa na nakala mahali pengine.

Kwa SACCOS yako, kodini nafasi kwenye kituo kinachokaguliwa na mbaki na nakala moja Njombe. Bodi ikisisitiza kujenga, mtakeni mleta pendekezo aandike kwenye mkataba nguvu halisi ya jenereta kwa mwinuko wa Njombe, muda ambao betri za UPS (kifaa kinachoshika mzigo umeme unapokatika) zitabeba mzigo wote zikiwa na miaka mitatu, na nani atalipa seva zikiungua. Akikataa kuandika hata moja kati ya hayo, msisaini.