Zebaki kwenye balbu: hofu ina msingi, lakini tupime pande zote

Ndugu, umeuliza kama balbu za kuokoa umeme zinachafua mazingira kuliko zile za zamani za waya unaong'aa, kwa sababu zina zebaki, metali yenye sumu. Zile za mirija iliyojikunja ni kweli zinayo, kwa kawaida miligramu 5 au pungufu. Lakini balbu ya zamani hupoteza takriban asilimia 90 ya umeme kuwa joto tu, na umeme huo ukitoka kwenye makaa ya mawe, bomba la moshi la mtambo wa umeme nalo linatoa zebaki hewani, tena pamoja na kaboni. Watu hulisahau hilo.

Shida yenyewe ni kuzitupa. Ikivunjwa jalalani, mvuke wa zebaki unatoka. Ikipasukia ndani, fungua madirisha, toka chumbani kama dakika 10, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi. Usifagie, wala usitumie mashine ya kuvuta vumbi, maana utausambaza.

Mimi ningenunua moja kwa moja balbu ya LED, ile inayowaka kwa vitaa vidogo vya kielektroniki. Haina zebaki, hula umeme pungufu kuliko hizo zote na hudumu miaka. Kasoro zake zipo: ndani ni taka za kielektroniki, na zile za bei ya kutupa huzimika mapema kwa sababu saketi inayolisha vitaa imeungua ilhali vitaa vyenyewe bado vizima. Hapo faida ya mazingira inapungua sana. Na ukiwa na za mirija ambazo bado zinawaka, zitumie mpaka zife, kisha uzipeleke panapopokelewa taka hatari.