Tarehe imepita: tule au tutupe?

Maswali mengi ya wiki hii yanafanana: kitu kimepita tarehe, kiliwe au kitupwe? Nimechagua machache. Ya dawa nimeyaweka pembeni; hayo mpelekee mfamasia.

Nina boksi tatu za maziwa yale ya kukaa muda mrefu. Zimepita tarehe siku tisa na hazijafunguliwa. Mume wangu anasema nimwage, mimi roho inaniuma. — Mama wa Tabata, Dar es Salaam

Usimwage kwanza, mama. Maziwa hayo yalipashwa kiwandani hadi nyuzi joto 135 au zaidi kwa sekunde chache, yakafungwa kwenye boksi lisilopitisha hewa wala mwanga. Hakuna kitu humo ndani kinachongoja saa sita usiku ya siku ile ili kigeuke sumu. Kiwanda kinachokuahidi ni kwamba mpaka siku hiyo ladha na rangi vitakuwa kama vilivyotoka kwao. Baada ya hapo mafuta huweza kupanda juu na ladha ikapwaya. Tazama boksi: halijavimba, halivuji kwenye kona, halikukaa juani. Kata, mimina kwenye glasi, angalia mabonge, nusa, onja kidogo. Yakiwa sawa, bandika chai.

Viwango vya kimataifa vya lebo vina tarehe za aina mbili. Moja ni ya ubora: bidhaa ni nzuri zaidi kabla ya siku hii. Nyingine ni ya usalama: baada ya siku hii usile. Shida yetu ni kwamba viwanda vingi vya hapa huandika EXP, yaani mwisho wa matumizi, kwenye kila kitu, mpaka maji ya chupa na majani ya chai, kwa hiyo herufi hizo peke yake hazikusaidii sana. Jiulize chakula chenyewe ni cha namna gani. Kikavu, kitamu sana, chenye chumvi nyingi au kichachu, kama biskuti, tambi, jamu, achari, kikipita tarehe kwa kawaida kimepungua utamu tu. Kibichi au kilaini kinachotakiwa kukaa kwenye baridi, kama nyama ya kusaga, soseji, kuku, maziwa freshi ya pakiti, hapo tarehe iheshimu kama ilivyo. Na kwenye kundi hili la pili pua haikuokoi, maana vijidudu vingi vinavyougonjesha watu havinuki. Kwa mjamzito ndiyo kabisa: kuna bakteria aitwaye Listeria anayeendelea kuzaliana hata ndani ya friji, na anaweza kuharibu mimba.

Ila mume wako ana haki mahali pamoja. Ukishakata boksi, ile tarehe imekufa, hata kama imebakiza miezi mitano. Weka kwenye friji na uyamalize ndani ya siku tatu hivi.

Kaka yuko Muscat, shangazi yuko Marekani, wote wanatuletea maboksi ya vyakula. Tarehe zao zinatuchanganya, nyengine hata hatuzisomi. — Msomaji wa Ng'ambo, Unguja

Za Marekani huanza na mwezi. Ukiona 05/08/2026 kwenye siagi ya karanga, ni tarehe 8 Mei, si 5 Agosti. Huko sheria ya shirikisho inalazimisha tarehe kwenye maziwa ya kopo ya watoto wachanga tu. Vyakula vingine vingi tarehe zake huwekwa na kiwanda chenyewe kwa ajili ya ubora, na nyingine ni za kumwambia mwenye duka lini aitoe bidhaa rafuni. Kwa hiyo kopo la siagi ya karanga lililofungwa vizuri, likipita wiki mbili, shangazi asilaumiwe.

Za Muscat mara nyingine huandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Waliosoma chuo cha Kurani wanazijua, ila wenzetu wengine hupotea papo hapo: kinachofanana na sifuri yetu, ٥, ni 5. Sifuri yao ni nukta, ٠. Na kinachofanana na 7 yetu, ٦, ni 6. Nimeona mtu akitupa kopo zima la maziwa ya unga akidhani limekwisha kitambo, kumbe lilikuwa na mwaka mzima mbele yake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni safari. Boksi linalokaa wiki kadhaa ndani ya kontena la chuma juani halikupata ile "sehemu kavu yenye ubaridi" iliyoandikwa kwenye lebo, na tarehe yote imejengwa juu ya sharti hilo. Karanga, lozi na vitu vya mafuta ndivyo vinavyoumia kwanza. Vikiwa vichungu na vinakwangua koo, tupa hata kama tarehe bado.

Kopo la samaki wa nyanya limepita miezi minne na limebonyea ubavuni. Geto hakuna kingine. — Mwanachuo, Dodoma

Miezi minne kwa kopo zima haitishi. Kubonyea kidogo ubavuni pia si neno. Likibonyea kwenye mshono wa juu au wa chini, likila kutu mpaka likavuja, likivimba, au likirusha mchuzi unapolifungua, litupe na usilionje hata kwa ncha ya ulimi. Humo huweza kuwa na sumu ya botulini, ambayo hupooza misuli mpaka ya kupumulia, na chakula chenyewe kinaweza kuonekana na kunukia vizuri tu.

Mwanangu, nyie mnahangaika na tarehe. Sisi tumekulia wali kiporo na chai ya rangi, na tupo. Wajukuu wangu sasa wanakikataa eti kina sumu. Nani kawadanganya? — Bibi wa Pongwe, Tanga

Shikamoo bibi. Hawajadanganywa, ila wamesikia nusu ya habari. Kiporo hakina kosa. Kosa ni mahali kilipolala. Mchele hutoka shambani na bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu zake ngumu hazifi kwa kuchemka kwenye sufuria. Wali ukiachwa jikoni kwa joto la Tanga toka saa mbili usiku mpaka alfajiri, mbegu zile huamka, bakteria wakazaana, na baadhi yao wakatoa sumu. Asubuhi unaukaanga kwa kitunguu, nyumba nzima inanukia, bakteria wanakufa. Sumu yao haifi. Haivunjiki hata kwenye nyuzi joto 121, na jiko la mkaa halifikishi wali huko. Mtu anakula saa moja, kabla ya adhuhuri anatapika, lawama zinakwenda kwa maziwa au kwa jicho la jirani.

Kiporo kizuri hutengenezwa usiku uleule. Wali ukibaki, utandaze kwenye sinia upoe upesi, ndani ya saa mbili uwe umeingia kwenye friji umefunikwa. Usiuache ndani ya sufuria kubwa na mfuniko wake, maana katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hapo ndipo bakteria wanapostarehe. Kesho yake upashe mpaka ufuke mvuke kila upande, na kuupasha iwe mara moja tu. Kiporo cha kiporo sikitetei. Maharage ya jana yanajitangaza yenyewe: ukiondoa mfuniko ukakuta povu dogo pembezoni, au ukikoroga yanavutika, yamechacha.

Nyumba isiyo na friji ipike ya kumaliza. Najua ni rahisi kusema.

Na wazee, bibi, walikuwa na maarifa yao. Samaki walikaushwa au kutiwa chumvi, maziwa yaligandishwa kwenye kibuyu mpaka yakachachuka. Ukavu, chumvi na uchachu huwabana bakteria. Wali mweupe hauna hata kimoja.

Maziwa ya kopo ya mtoto wangu wa miezi minne yamepita tarehe mwezi mmoja na kopo bado nusu. Bei yake unaijua. — Mama mdogo, Mwanza

Hapana. Hili sina nafasi ya kupindisha. Vitamini hupungua kadiri muda unavyopita, na mtoto anayetegemea kopo hilo hana mlo mwingine wa kufidia. Tena likishafunguliwa, maelekezo ya wengi wa watengenezaji ni litumike ndani ya wiki nne hivi, kwa hiyo andika siku ya kufungua kwenye mfuniko. Usijaribu pia kupunguza vijiko ili lifike mwisho wa mwezi. Nenda kliniki, mweleze muuguzi hali yako ya pesa bila aibu. Ataangalia na wewe njia ya kumlisha, pamoja na kurudisha ziwa kama bado inawezekana.

Unga wa sembe una wadudu na tarehe haijafika. Na mahindi ya kwetu hayana tarehe kabisa. Tufuate nini? — Baba wa watatu, Kondoa

Wadudu chekecha, anika, pika. Hawapendezi, lakini si sumu. Cha kuogopa ni kuvu. Unga ulioshikana mabonge yenye harufu ya unyevu, au mahindi yenye punje za kijani na kijivu, yana hatari ya sumukuvu, na moto wa ugali hauiondoi. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Mahindi yaliyowaua kwa sehemu kubwa yalikuwa ya shambani kwao wenyewe, yaliyohifadhiwa nyumbani. Hakukuwa na lebo ya kusoma.

Kwa hiyo fuata ukavu. Anika juu ya turubai na si juu ya udongo, yakauke kabisa kabla ya kuingia kwenye gunia, gunia likae juu ya mbao mbali na ukuta. Zilizooza chambua kabla ya kukoboa, maana mashine ikishasaga huoni kitu. Wala usimpe ng'ombe wa maziwa zile mbovu. Sumu inapita mpaka kwenye maziwa utakayokunywa.

Nina duka. Biskuti na juisi zikipita tarehe kidogo, siwezi kuziuza nusu bei kwa kumwambia mteja ukweli? — Muuza duka, Morogoro

Huwezi. Kula chako nyumbani ni uamuzi wako, kuuza kilichopita muda ni kosa, hata mteja akikubali na kukushukuru. Tangu 2019 usimamizi wa chakula ulihama kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS), na wakaguzi wakikuta juisi hizo rafuni hawatakuuliza ladha yake. Punguza bei kabla ya siku, ziweke mbele, iandike tarehe kwa herufi kubwa mteja aione. Zilizopita zitenge kwenye boksi lenye maandishi "haziuzwi" mpaka zirudi kwa msambazaji au ziteketezwe. Na wale wanaokuja na spiriti kufuta tarehe na kugonga mpya, wafukuze.

Umeme ulikatika jana saa kumi jioni, umerudi leo asubuhi. Kwenye friza nina nyama na vibua. Nifanyeje? — Mkazi wa Mbagala

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kwa saa 48 hivi. Iliyo nusu, saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Nyama ikiwa bado ina barafu ndani yake, irudishe. Soseji na maziwa freshi yaliyokuwa kwenye friji usiku kucha, yaache yaende.

Vibua wana kesi yao. Wao, jodari na nguru wakipata joto hutengeneza kemikali iitwayo histamini, na hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kwa kugandishwa tena. Mlaji uso humwaka na kuwa mwekundu, kichwa kinagonga, vipele vinamtoka, anadhani ana mzio wa samaki. Wakiwa wagumu kama mawe, wabaki. Waliolainika usiwaonee huruma.