Ng'ombe amehimilishwa mara tatu, hashiki mimba. Je, ni tasa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji mdogo wa Kayenze, wilaya ya Ilemela. Nina ng'ombe wawili chotara wa Friesian na mtamba mmoja ambaye hajazaa bado, wote wanafungwa bandani. Mmoja alizaa miezi saba iliyopita, uzao wa pili, kondo la nyuma likatoka salama. Amehimilishwa mara tatu, na kila baada ya wiki tatu anarudi kwenye joto. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 2 mwezi huu. Dalili naziona jioni nikirudi kutoka mwaloni Kirumba, napiga simu, mhimilishaji anafika kesho yake saa nane mchana. Asubuhi inayofuata naona damu mkiani, nikahisi labda amemjeruhi. Jirani anasema huyu ni tasa, nimpeleke buchani, au nimchome sindano ya joto, au niazime dume lake. Nifanye lipi? Na mtamba wa miezi 13 naye ameanza joto, nimhimilishe?

Jibu: Marahaba mama. Buchani usimpeleke. Kwa haya uliyoandika sioni ng'ombe tasa, naona ng'ombe anayehimilishwa, yaani anayewekewa mbegu za dume kwa mrija, wakati joto limeshapita. Naumia kila nikisikia ng'ombe mzima wa maziwa amechinjwa kwa sababu ya saa.

Anza na hizo wiki tatu. Ng'ombe mwenye kizazi kizima hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21, akiwahi 18, akichelewa 24. Wako hapotezi hesabu, maana yake mayai yanapevuka kama kawaida. Na damu uliyoiona si jeraha. Ng'ombe wengi hutoa damu kidogo siku moja hadi tatu baada ya joto kuisha, awe amehimilishwa au hapana. Haisemi kama ameshika au hajashika. Inasema kwamba joto limeshapita. Sasa kama damu inaonekana asubuhi tu baada ya mhimilishaji kuondoka, joto lilikuwa limeisha kabla hajafika.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme joto lilianza saa tisa usiku, maana ng'ombe wengi huanza usiku au alfajiri, hasa kwetu huku mchana ukiwa wa jua kali. Kipindi cha kusimama na kukubali kupandwa ni kama saa 12 hadi 18, na kwa chotara wa ukanda wa joto mara nyingi ni kifupi zaidi. Wewe unafika nyumbani saa kumi na moja jioni: saa 14 zimeshapita, unachokiona ni mwisho wa joto, wewe unadhani ni mwanzo. Yai hutoka takriban saa 28 hadi 30 tangu joto lianze, yaani kesho yake kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Mhimilishaji anafika saa nane mchana, saa ya 35. Yai huishi saa 6 hadi 12 tu, na mbegu nazo zinahitaji saa kadhaa ndani ya kizazi kabla hazijaweza kulirutubisha. Zinapofika, yai limeshachoka.

Kanuni ya wahimilishaji ni hii: aliyeonekana kwenye joto asubuhi ahimilishwe jioni ya siku hiyo hiyo, aliyeanza jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi na mapema. Mchana wa kesho haumo. Lakini kanuni hiyo inamsaidia mtu anayejua joto limeanza lini, na hapo ndipo penye kazi kwako.

Tarehe 2 ukiongeza siku 18 unapata tarehe 20, ukiongeza 24 unapata tarehe 26. Siku hizo saba ng'ombe huyu awe na mtu wa kumwangalia. Alfajiri kabla ya kukamua, mchana, na tena saa tatu au saa nne usiku kabla hamjalala. Wafungueni wote watatu, watoke kwenye uwanja wa udongo usioteleza, mkae nao nusu saa bila kuwapa chakula. Kwenye sakafu ya saruji yenye mavi hakuna ng'ombe atakayethubutu kumpanda mwenzake. Anayesimama tuli akipandwa ndiye aliye kwenye joto. Anayepanda huenda yuko, huenda hayuko. Dalili nyingine ni kulia ovyo, maziwa kupungua ghafla, uke kuvimba kidogo, na ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai, wakati mwingine umekaukia mkiani. Ukiwa mwaloni, kijana anayebaki nyumbani ajue kuandika tarehe na saa kwenye daftari, na awe na salio la kukupigia.

Mhimilishaji usimsubirishe hadi joto lije. Mpigie tarehe 18, mwambie unamtegemea kati ya 20 na 26, naye apange safari zake. Akifika, una haki ya kuangalia kazi yake. Mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija ukitolewa unatakiwa uingie kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, yaliyopimwa kwa kipimajoto, kisha ukaushwe vizuri na utumike palepale kivulini. Anayeyeyusha mbegu kiganjani, au anayetembea na mrija juani kutoka barabarani hadi bandani, anakuuzia mbegu zilizokufa.

Sindano ya joto haimfai. Hiyo ni kwa ng'ombe ambaye joto lake halionekani au wanaotakiwa kupangwa waje pamoja, na wako anakuja mwenyewe. Tena ikichomwa kwa ng'ombe mwenye mimba, mimba inatoka. Aichome daktari aliyempima kwanza, si vinginevyo.

Dume la jirani nalo liache. Dume linalozunguka zizi hadi zizi hubeba magonjwa ya uzazi yasiyoonekana kwa macho: ng'ombe anapandwa, anashika, kisha kijusi kinakufa kikiwa kidogo na anarudi kwenye joto bila mpangilio. Kisha hapo utakuwa na tatizo la kweli. Na kama kwenye zizi la jirani kuna ng'ombe aliyetupa mimba, ulizeni maabara ya veterinari ya kanda hapo Mwanza kuhusu kipimo cha bruselosisi. Ugonjwa huo unaambukiza watu, kwa hiyo maziwa yachemshwe na kijusi kisishikwe kwa mikono mitupu.

Hujaniambia anakula nini. Ukitazama mbavu zake na kuzihesabu zote kwa mbali, amekonda mno, na aliyekonda hushika kwa shida hata saa ikiwa sahihi. Mwongezee pumba na mashudu ya pamba, chumvi yenye madini mbele yake kila siku, na maji ya kutosha bandani. Kuwa jirani na ziwa hakumnyweshi ng'ombe aliyefungwa. Kama majani mnakata kwenye majaruba na matope ya ufukweni, kuna jambo jingine: konokono wa huko hueneza minyoo ya ini, na ng'ombe anakonda taratibu, mwingine anavimba chini ya taya. Ukinunua dawa, taja kwamba ni ya minyoo ya ini, kwa sababu si kila dawa ya minyoo inaiua.

Akihimilishwa kwa wakati mara mbili na bado akarudi, au ute ukiwa na usaha au harufu, mwite daktari ampime kizazi. Asiporudi, usisherehekee bado: apimwe mimba baada ya siku 60. Na akija kuonyesha joto baadaye, apimwe kabla ya kuhimilishwa tena, kwani wapo wachache wanaoonyesha dalili wakiwa na mimba, na mrija ukipita mlango wa kizazi mimba hiyo inaweza kuharibika.

Mtamba wa miezi 13 msubiri. Umri pekee hautoshi, angalia uzito: chotara afike kilo 250 au zaidi, ambazo wengi huzifikia kati ya miezi 15 na 18 wakilishwa vizuri. Mhimilishaji au afisa mifugo wa kata ana utepe wa kuzungusha kifuani unaokadiria kilo. Andika tarehe za joto lake kuanzia sasa, na siku yake ikifika omba mbegu ya dume anayejulikana kutoa ndama wadogo, Jersey kwa mfano, ili uzao wa kwanza usimpasue.