Ukikabidhiwa madai ya gharama za wafanyakazi, ijue kwanza kazi yao

Wewe uliyeanza uhasibu juzi na ukapewa kukagua madai ya gharama za wafanyakazi, usianze na fomu. Anza kwa kujua watu hao wanafanya kazi gani na fedha wanazotumia ni za nani. Risiti ya chakula cha mchana ni ileile, lakini maswali yake hubadilika ukihama sekta.

Kwenye kampuni ya ushauri, uliza kama gharama hiyo atalipishwa mteja. Kama ndiyo, soma mkataba wake pamoja na sera ya kampuni, maana dai likifika baada ya ankara ya mwisho kutoka, huenda kampuni ikabaki na mzigo huo. Kwenye shirika linaloendeshwa kwa fedha za wafadhili, gharama inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikakataliwa, kwa sababu tu ilifanyika baada ya mradi kufungwa au haina kifungu kwenye bajeti. Kampuni za dawa nazo zina lao: nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2010 inazitaka kutoa taarifa za malipo na zawadi kwa madaktari, chakula kikiwemo. Risiti ya ofisa mauzo isiyoonyesha nani alikula haijakamilika.

Usafirishaji ndiko utakakojifunza zaidi, kwa sababu ya mafuta. Usitazame fedha tu, tazama lita. Weka risiti kando ya daftari la safari, usome kilomita za kuondoka, za kurudi na lita zilizoingia. Gari lenye tangi la lita 70 halijazwi lita 85 kwa mkupuo mmoja. Hapo una haki ya kuuliza. Lakini ulaji wa mafuta ukipanda tu, usikimbilie kumshuku dereva. Mzigo mzito, foleni, milima, matairi yasiyo na upepo wa kutosha, vyote hulifanya gari linywe. Ongea na fundi kabla ya kuandika barua yoyote. Dereva akishaitwa mwizi, hata ukweli ukijulikana baadaye, jina lake halirudi kama lilivyokuwa.

Posho ya kujikimu ya kiwango maalumu haina shida kubwa: hakikisha safari iliidhinishwa na siku zimehesabiwa sawasawa.

Linaloniuma ni ucheleweshaji. Mfanyakazi aliyelipa nauli kwa fedha yake mfukoni anaikopesha kampuni bila riba, na mara nyingi ni yule mwenye mshahara mdogo. Mpangie tarehe ya kulipwa, na uifuate.

Masurufu, yaani fedha anayopewa mtu mapema kwa matumizi ya kazi, ni vivyo hivyo. Ni kanuni nzuri kutompa mtu masurufu mapya kabla hajarejesha ya zamani, yaani kuleta hesabu na risiti zake, hasa msimamizi wa ujenzi anayenunua misumari na kulipa vibarua kila siku. Ila kabla ya kumkatalia, pekua mafaili yaliyo mezani kwako, uone kama marejesho yake hayajakaa hapo yakisubiri saini yako.