Usukani wa Hilux ya zamani: weka nyundo chini kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika unataka kubadilisha swichi ya indiketa ya Hilux ya mwaka 1992, na kwamba fundi kakwambia ulegeze nati, uvute usukani kwa magoti huku yeye anagonga kichwa cha shafti kwa nyundo. Usikubali. Ushauri huo huo nilipewa mimi, na aliyenipa hakuwepo siku ya kulipa.

Shafti ya usukani si chuma kimoja kirefu. Ni vipande viwili, kimoja kimeingia ndani ya kingine, vimeshikwa na pini za plastiki. Pini hizo zimewekwa zikatike gari likigonga, shafti ijifupishe badala ya kukuchoma kifua. Sasa nyundo inapiga upande ule ule ambao kifua chako kingepiga. Pini hazijui kama ni ajali au ni fundi. Zikikatika, usukani unaanza kucheza mbele na nyuma, na beringi ya juu nayo inaumia. Hesi za shafti, ile mikato ya kufungia nati, zinatanuka, nati haishiki tena. Na msiniambie gari ni la zamani mno kuwa na mambo hayo: General Motors walikuwa nayo tangu magari ya mwaka 1967.

Kinachoniudhi zaidi ni dawa wanayokupa baadaye: "Tutachomelea kidogo." Shafti iliyochomelewa haijifupishi tena, ni mkuki umeelekezwa kwako. Kama imeshagongwa, shika usukani uuvute kuja kwako kisha uusukume. Ukisikia unateleza, tafuta shafti nzima kutoka gari lililokatwa. Usiendeshe hivyo.

Kinachotakiwa ni pula ya usukani, yaani kifaa cha kuung'olea, ile ya bamba lenye bolti mbili na skrubu ya katikati. Pula ya makucha iache, inavunja kitovu cha usukani. Toa terminali hasi ya betri. Kama usukani una eabegi, subiri angalau sekunde 90 na usiiguse bila kitabu cha gari. Nyoosha matairi ya mbele. Mfuniko wa honi angalia skrubu kwa nyuma. Kama hazipo, umeshikwa na vibano, uvute taratibu na uchomoe waya.

Nati ni soketi 19. Ilegeze lakini USIITOE, iache imeshika hesi chache, maana usukani ukiachia ghafla unakuja usoni. Piga alama ya rangi kwenye shafti na kwenye kitovu. Pembeni mwa nati kuna matundu mawili yenye hesi: bolti zake ni M8, hatua (umbali kati ya hesi na hesi) milimita 1.25. Ziingize mizunguko mitano au sita, zote sawa. Zikiingia chache zinang'oa hesi, zikizidi zinatoboa hiyo swichi ya nyuma. Kaza skrubu ya katikati kidogo kidogo mpaka usikie "tak". Imegoma? Mimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye meno ya shafti yanayoshika usukani, acha pula ikiwa imekaza hadi kesho, ongeza robo mzunguko. Hata skrubu ya pula usiigonge, mshindo unafika kwenye pini zile zile. Moto pia hapana, pini ni plastiki.

Kurudisha: linganisha alama, hakikisha vile vidole vinavyozima indiketa vimeingia mahali pake, kaza nati karibu 35 Nm. Kabla ya kutoka uani washa indiketa kushoto, zungusha usukani na urudishe, ijizime yenyewe. Rudia kulia. Isipojizima upande mmoja, vidole havijakaa, toa tena. Kwa pula.