Barua kwa Kulwa: sayari saba ambazo hakuna aliyeziona

Tabora

Mwanangu Kulwa,

Ujumbe wako niliupata Jumapili. Jibu lake ni refu kwa simu, mtandao wenyewe unajua ulivyo, nikaona bora nikuandikie. Umesema mjukuu wangu kasikia shuleni kwamba kuna nyota ina sayari saba kama dunia yetu, akakuuliza watu watahamia lini. Nawe ukabaki na lako: "Baba, kama hakuna darubini iliyoziona hizo sayari, wamejuaje ukubwa wake, tena na uzito? Si wanatupiga kamba?"

Kamba hapana. Chumvi ipo, na nitaifikia.

Nyota yenyewe inaitwa TRAPPIST-1, jina la darubini iliyotumika kuigundulia sayari zake, iliyoko La Silla nchini Chile na kuendeshwa na Chuo Kikuu cha Liège cha Ubelgiji. Iko upande wa kundi la nyota la Ndoo, umbali wa miaka ya nuru 40 hivi, yaani mwanga wake husafiri miaka 40 hivi hadi kutufikia. Usitoke nje usiku kuitafuta, maana ni hafifu mno kwa macho yetu. Ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo isiyo na joto kali kama jua, uzito wake kama asilimia 9 tu ya uzito wa jua, na kwa upana haijaipita sana sayari yetu ya Mshtarii.

Udogo huo ndio uliowasaidia wataalamu. Unakumbuka Septemba 2016 jua lilipopatwa? Watu walikwenda Rujewa kuona pete, sisi huku Tabora tukapata kipande. Wewe na Doto, watu wazima na akili zenu, mkawa mnagombania ile miwani ya karatasi, mimi nikawaita chini ya mwembe. Kila tone la mwanga lililopenya kwenye majani lilikuwa limegeuka mwezi mwandamo, mamia kwa mamia yametapakaa mchangani, pembe zake zote zimeelekea upande mmoja. Kilichotokea ni kwamba mwezi ulipita mbele ya jua, basi. Sayari ikipita mbele ya nyota yake hufanya vivyo hivyo, ila kwa umbali ule huoni umbo lolote, unapima tu mwanga ukipungua kidogo kisha ukarudi. Kadiri sayari ilivyo kubwa ndivyo mwanga unavyopungua zaidi, na hapo ndipo ukubwa wake unapojulikana. Dunia yetu ikipita mbele ya jua, mtazamaji wa mbali angeona mwanga umepungua chini ya sehemu 1 katika 10,000. Sayari kama dunia ikipita mbele ya kile kinyota, hupunguza kama sehemu 60 katika 10,000. Hiyo inapimika.

Mei 2016 Michaël Gillon, mtaalamu wa nyota wa chuo hichohicho cha Liège, na wenzake walitangaza sayari tatu. Ya tatu iliwatoa jasho, hesabu zake hazikai sawa. Septemba ileile tuliyokuwa chini ya mwembe, darubini ya Spitzer iliyokuwa angani ikaelekezwa kwenye nyota hiyo siku 20 karibu bila kupumzika. Kumbe ile "ya tatu" zilikuwa sayari kadhaa zikipita kwa nyakati zake, wao wakadhani ni moja! Februari 2017 wakatangaza saba, zikapewa herufi kuanzia b hadi h. Zote zinazunguka karibu na nyota yake kuliko Utaridi ilivyo karibu na jua. Mwaka wa b ni siku moja na nusu. Mwaka wa h, iliyo mbali kuliko zote, haufiki siku 19.

Sasa uzito, na hapa umvumilie mzee wa reli. Nilipokuwa stesheni masta, treni ya Kigoma ikichelewa sikuhitaji kwenda porini kuangalia kuna nini. Njia ni moja. Ikichelewa, mara nyingi imesubiri kupishana na nyingine, na dakika zilizopotea zilinieleza mengi kuhusu hiyo nyingine ambayo sijaiona. Sayari hizi nazo haziji kwa saa kamili. Zimebanana, kwa hiyo zinavutana zinapopitana. Moja inawahi, nyingine inachelewa, kuanzia sekunde kadhaa hadi zaidi ya nusu saa. Iliyo nzito humchelewesha jirani yake kuliko iliyo nyepesi. Ukiandika nyakati za kila mpito kwa miaka kadhaa, kisha ukapiga hesabu, uzito wa kila moja unatoka humo. Mwaka 2021 Eric Agol na wenzake walitoa hesabu safi kuliko zote zilizotangulia: e ina kama asilimia 69 ya uzito wa dunia, h kama theluthi. Ukilinganisha uzito na ukubwa unaona kwamba zote saba ni za mawe, msongamano wake karibu sawa, pungufu kidogo ya dunia yetu.

Kama bado una wasiwasi, sikiliza kisa cha h. Spitzer iliiona ikipita mara moja tu, na kwa mara moja huwezi kujua itarudi lini. Lakini wenzake sita wana mpangilio wa ajabu. Katika muda ambao b inazunguka mara 8, c inazunguka mara 5 hivi. Mizunguko 5 ya c ni karibu 3 ya d, 3 ya d ni karibu 2 ya e, na kuendelea hivyo hadi g. Rodrigo Luger na wenzake wakafuata mpangilio huo, wakasema h lazima izunguke kwa siku 18 na robo tatu hivi. Wakafungua data za darubini ya Kepler, wakaikuta palepale. Matokeo yakatoka Mei 2017. Mpiga kamba hakutajii saa ya treni asiyowahi kuipokea, halafu ikaingia kwa saa hiyo.

Chumvi iko kwenye "kama dunia". Zinafanana nayo kwa ukubwa, na tatu kati yake, e, f na g, ziko mahali ambapo maji yangeweza kuwa majimaji kama zingekuwa na angahewa la kufaa. Zile picha zenye bahari za buluu zimechorwa na wasanii. Darubini ya James Webb ilipopima b, mwaka 2023, ilikuta upande wa mchana una joto la nyuzi 230 hivi, na hakuna dalili ya angahewa zito. Ya c ni kama nyuzi 110, nayo haina angahewa nene kama la Zuhura. Isitoshe, kinyota chenyewe kina hasira, hulipuka na kurusha miali. Mtu akikwambia "dunia pacha", muulize kwanza hewa yake imepimwa na nani. Ya e ndiyo wanayoifuatilia sasa, na hiyo nami naifuatilia.

Kuhusu kuhama: chombo cha Voyager 1, kilichorushwa 1977, kinakwenda karibu kilomita 17 kila sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa hiyo nyota ni safari ya miaka kama laki saba. Mwambie mjukuu wangu amalize la nne kwanza.

Mama yako anakusalimu. Dumu la asali nimelikabidhi kwa kondakta wa basi la kesho asubuhi. Uwahi stendi, la mwezi uliopita lilifika limepungua.

Ni mimi baba yako.