Acha kula mtaji wa sauti yako: nilivyofundishwa na Leontyne Price nikiwa bubu

Wanakwaya wenzangu, hasa nyie wa sauti ya kwanza, leo nawasema na naomba msininunie.

Mi naimba soprano kwaya ya kanisa hapa Dar, nimeanzia Sunday school huko, na kwa miaka kama kumi nilikuwa yule dada wa kuanzisha, mnamjua, kila kwaya inaye mmoja. Harusi naitwa, msiba naitwa, mkesha naitwa, studio nakaa mpaka saa nane usiku prodyuza anasema dada rudia tena hapo juu, narudia, asubuhi nipo ibada ya kwanza nimevaa sare na kope zimevimba. Mtu akiniambia pumzika najibu sauti kanipa Mungu bure, natoa bure. Nilikuwa najiona mtakatifu kweli kweli.

Pasaka ya 2016 ndo ikaninyoosha. Alhamisi Kuu tumeimba, Ijumaa Kuu tumeimba, Jumamosi mkesha na spika mbovu ambazo mwenyewe hujisikii kwahiyo unapiga kelele tu ukitegemea Mungu anasikia, halafu Jumapili asubuhi kwenye solo ambayo watu walikuwa wanaisubiri, nafungua mdomo inatoka sauti ya bati linalokwaruzwa na msumari. Nikajaribu tena. Hewa tupu. Dada mmoja nyuma yangu akaidaka ile solo akaimaliza, na mimi nikasimama pale nachezesha mdomo kama samaki mbele ya kanisa zima.

Nilikunywa tangawizi, limau, asali, nikameza mayai mabichi mawili (msicheke, na nyie mmemeza). Wiki zikapita. Kwenda kwa daktari wa pua, koo na masikio, akanipitishia kamera puani, akanionyesha kwenye skrini vinundu viwili vimekaa kwenye nyuzi za sauti, kimoja huku kimoja kule, akasema hivi ni kama sugu ya mtu anayeshika jembe kila siku. Akanipa adhabu ya kunyamaza wiki mbili kamili, hata kunong'ona hapana, kisha mazoezi na mtaalamu wa sauti, na kuimba marufuku mpaka atakaposema yeye.

Kunyamaza wiki mbili ukiwa mama mwenye mtoto wa miaka 6, acheni tu. Sokoni nabishana bei kwa vidole. Ndo katika ukimya huo rafiki yangu mmoja akanitumia video kwenye WhatsApp, kaandika tu "tazama huyu mama". Nikatazama na bando langu la mwisho.

Alikuwa ni Leontyne Price, Mmarekani mweusi, anaimba Aida pale Metropolitan Opera ya New York tarehe 3 Januari 1985, siku anaiaga opera. Alikuwa na miaka 57, karibu 58. Kuna wimbo kitendo cha tatu, Aida anaikumbuka nchi yake Ethiopia ambayo hatairudia, pale juu kuna noti ya C ambayo masoprano wengi wanaiota wakiwa na homa, na yule mama akaipanda taratibu kama mtu anapanda ngazi za nyumbani kwake. Sauti ya juu inang'aa, ya chini ina moshi moshi fulani. Nikalia kimya kimya maana hata kulia kwa sauti nilikatazwa. Nikajiuliza, hivi mimi nina miaka 34 nimekwisha, huyu anakaribia sitini na ndo kwanza, amefanyaje?

Kwa wasiojua, opera ni igizo ambalo maneno yanaimbwa, mbele yako imekaa orkestra nzima, na maiki hakuna. Narudia, hakuna maiki. Ukumbi wa Metropolitan unachukua watu kama 3,800 na wewe unawafikia wote kwa pumzi na koo lako tu. Halafu sisi tuna spika nne na bado tunapasua makoo.

Nikaanza kumgugo nikiwa sina kazi nyingine. Kazaliwa mwaka 1927 Laurel, Mississippi, enzi zile za ubaguzi mkali, baba anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, mama mkunga na mwanakwaya. Alipokuwa mdogo wazazi wake walitoa santuri ya nyumbani kama malipo ya kwanza wapate piano. Hebu fikiria, yaani kitu pekee cha kusikilizia muziki wanakitoa ili mtoto apige muziki mwenyewe. Akiwa bado binti mdogo alipelekwa Jackson kumsikia Marian Anderson, mwimbaji mweusi maarufu wa enzi hizo, na ndo pale akili ya mtoto ikafunguka kwamba kumbe mwanamke mweusi anaweza kusimama vile. Chuo alienda Wilberforce kule Ohio kusomea ualimu wa muziki, maana ndo ilikuwa kazi ya uhakika, walimu wakasikia ile sauti wakamsukuma kwenye uimbaji. Ikaja Juilliard, chuo kikubwa cha muziki New York. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi maarufu, aliimba tamasha la kumchangia, na familia moja ya wazungu wa Laurel, ambako ndugu yake alikuwa mfanyakazi wa ndani, ikamsaidia. Kwahiyo wale mnaoona aibu kuchangisha ada za masomo ya muziki, huyu alichangishiwa.

Sasa hapo Juilliard ndo kuna kitu nilichowaitia. Mwalimu wake alikuwa anaitwa Florence Page Kimball, na Price amekuwa akisimulia kwamba huyo mama alimfundisha kuimba kwa faida, asiguse mtaji. Yaani unapomaliza kuimba lazima kuna kitu kimebaki ndani hujakitoa.

Nilivyosoma hapo nikaweka simu chini. Mi mama yangu anauza vitenge, nimelelewa dukani, kula mtaji nakujua vizuri. Mwenye duka akianza kutoa hela ya mtaji kununua soda na nauli haonekani ana shida, duka bado linang'aa, wateja wanakuja, mpaka siku anaenda kufunga mzigo mpya ndo anakuta droo ina mia mbili. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Watu wanasema dada sauti yako leo imetubariki na mi nimeshakula mtaji tangu 2012.

Na msidhani yeye hakuwahi kuanguka, hii ndo sehemu iliyonipa moyo kuliko zote. Januari 1961 kaanza rasmi Metropolitan, opera ya Il trovatore ya Verdi, nafasi ya Leonora, usiku huohuo na Franco Corelli, mwimbaji wa tenor kutoka Italia, naye akianza, makofi ya mwisho yanasemwa yalikwenda dakika 42. Msimu ule ule mmoja kaimba nafasi tano kubwa tofauti pale, ndo kwanza mgeni. Oktoba mwaka huohuo wakampa afungue msimu na La fanciulla del West, opera ya Puccini ya mambo ya wachimba dhahabu California, nafasi nzito ya kupigana na orkestra. Onyesho la pili katikati sauti ikamtoka. Ikaisha. Akamalizia kitendo kile maneno anayatamka kwa kupaza sauti tu, na kitendo cha tatu akaingia soprano mwingine, Dorothy Kirsten. Walisema virusi, lakini mtu aliyeimba mwaka mzima namna ile mi sihitaji kuambiwa. Niliposoma hapo nilimkumbuka yule dada aliyedaka solo yangu, ambaye kiukweli kwa miezi miwili nilikuwa simpendi, nikamtumia meseji ya asante.

Price alifanya nini baadaye? Alienda Roma akapumzika. Mtu amefika juu kabisa, simu zinaita, na akakaa pembeni, halafu 1962 akarudi na Tosca, opera nyingine ya Puccini. Sisi tunaogopa kukosa Jumapili mbili wasije wakamzoea mwingine.

Lingine nililojifunza kwake ni hapana. Kabla ya hiyo 1961 Metropolitan walishamwita, bosi wao Rudolf Bing alitaka aje aimbe Aida. Sasa Aida ni binti mfalme wa Ethiopia aliyechukuliwa mateka akawa mtumwa Misri, nafasi tamu kweli na aliiweza. Peter Herman Adler wa opera ya televisheni ya NBC akamshauri asikubali kuingia jumba lile kwa mara ya kwanza kama mtumwa, asubiri aingie kama bibi mwenye heshima zake. Na akasubiri. Wakati huo mlango ulikuwa ndo kwanza umefunguliwa, Marian Anderson kaimba pale 1955 akiwa wa kwanza mweusi, mtu mwingine angesema nikikataa sirudiwi tena. Yeye akaenda kuimba hiyo hiyo Aida Vienna chini ya kondakta Karajan, akaenda jumba la opera la Covent Garden London, akaenda lile la La Scala Milan 1960, Metropolitan wakaja kumwita na Leonora wa Il trovatore, mwanamke wa ikulu. Na huyu ni mtu ambaye 1955 aliimba Tosca kwenye televisheni ya NBC na baadhi ya vituo vya kusini vikagoma kuirusha kwa sababu ya rangi yake, kwahiyo hakuwa mtu wa kuringa kwa kuwa mambo ni rahisi.

Mimi hapana yangu ya kwanza ilikuwa ya harusi, mwaka 2017, mtu wa karibu sana, nikamwambia naimba wimbo mmoja wakati wa maharusi kuingia kanisani na ukumbini siimbi, nakuja kula pilau. Alinuna wiki tatu. Baadaye tukapatana, wala hakuna aliyekufa.

Kitu kingine, alichagua cha kuimba. Verdi mzito leo, kesho Mozart ambaye hakuruhusu kupiga kelele, na kuanzia miaka ya 70 akapunguza opera akawa zaidi na risaitali, yeye na piano. Nyie mnaoimba kila kitu kwa fortisimo, yaani sauti kubwa kabisa, kuanzia pambio la kuingilia mpaka sadaka, hapo pasome mara mbili. Mwambieni mpiga kinanda ashushe, kutoka G kwenda F hakuna dhambi, na kama hujisikii kwenye spika mwambie fundi mitambo akugeuzie moja, akikataa imba polepole wasikusikie, atageuza mwenyewe. Mazoezini imba nusu sauti, ile solo tunaijua, hatuhitaji kuisikia mara kumi na nne Alhamisi usiku. Sauti ikikwaruza usinong'one, kunong'ona kunakaza koo vilevile, nyamaza tu. Na hayo mayai na tangawizi yanapita njia ya chakula, kwenye nyuzi za sauti hayafiki, mi nimeambiwa na daktari nikaona haya ya mayai yote niliyomeza. Maji kunywa, lala, na ukikwaruza zaidi ya wiki tatu nenda ukachungulie na kamera, usisubiri Pasaka.

Tuzo zake sitazimaliza, Grammy 13 za kushindania, nishani ya Rais 1964, hayo mtayasoma. Mi kinachonikaa ni kwamba baada ya kuiaga opera aliendelea na risaitali miaka mingi, na Oktoba 2001 baada ya yale mashambulizi ya Septemba, akiwa na miaka 74 na ameshastaafu, alitoka akaimba Carnegie Hall kwenye kumbukumbu ya waliokufa. Alikuwa nayo bado ya kutoa. Mwenye duka ambaye mtaji wake upo.

Kwangu vinundu viliisha bila kukatwa, ilichukua miezi mitano na nilirudi kwanza kwenye alto, ambako kwa taarifa yenu wana umbea mzuri kuliko sisi. Sauti yangu si ile ya 2012, noti moja ya juu sijawahi kuirudishia, nimeiacha. Wiki iliyopita mwenyekiti kanipigia, mkesha Jumamosi na Jumapili kuna solo, nikamwambia chagua moja, akasema "dada siku hizi umekuwa staa". Nikacheka. Mkesha akaenda binti wa miaka 19 anayesimama nyuma yangu, sauti kama kengele, na Jumapili nikamsikia anakohoa kwa kukwaruza na bado anachangamkia kuitwa studio jioni. Nikamwita pembeni kwenye benchi la nje, nikamfungulia ile video ya 1985 pale baada ya C kuisha, makofi yanapigwa dakika zinakwenda, yule mama kasimama hatikisiki, ni Aida bado, macho tu yamejaa maji.

Binti akaniuliza, mbona haimbi?

Nikamwambia tulia, anapumua.